Kutoka Mabuki Hadi Ukara: Safari Miongoni mwa Wafugaji wa Kanda ya Ziwa

JUMATATU, MABUKI

Basi la Shinyanga lilitushusha Mabuki saa tatu asubuhi. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na amepata nafasi ya kusomea mifugo. Nilimwambia kabla hajaanza kukariri madaftari, azione kwanza kazi zenyewe: zizi, mnada, machinjio, soko la dagaa. Mimi nachanganya chakula cha kuku Buhongwa, Mwanza, kwa hiyo karibu kila kona ya biashara hii nina mtu ananidai au ninayemdai.

Mabuki ipo wilaya ya Misungwi, kwenye barabara kuu ya kwenda Shinyanga. Hapo kuna kampasi ya LITA, yaani Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, na shamba la serikali linalozalisha mitamba, yaani ng'ombe jike ambao bado hawajazaa. Mwalimu aliyetupokea aliitazama fimbo aliyokuja nayo kijana, akamwambia aiegemeze ukutani.

"Humu hatuingii na hiyo. Shika mikono yako tu."

Somo lake lilichukua asubuhi nzima na halikuhitaji ubao. Ng'ombe macho yake yapo pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia wake. Ukimtokea huko kimyakimya, teke ni haki yako. Kila mnyama pia ana umbali wake: ukiuvunja anaondoka, ukirudi nyuma hatua mbili anasimama na kugeuka kukutazama. Wa porini umbali huo ni mrefu, wa kukamuliwa kila siku unaweza kumfikia hadi ukamkuna shingo. Halafu kuna bega. Ukisimama nyuma ya bega ukamsogelea, anakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, anarudi nyuma. Kijana alijaribu kwa mtamba mmoja, mbele, nyuma, mbele, akaanza kucheka peke yake.

Tulipofika kwenye kibanio, pale ng'ombe anapobanwa ili ahudumiwe, msururu ulikwama. Mtamba wa mbele alikataa katakata kuingia, na wa nyuma wakaanza kupandana. Mimi ningeita mtu mwenye fimbo. Mwalimu alitembea pembeni mwa uchochoro akiinama kwa kimo cha ng'ombe, akakuta koti la mfanyakazi limening'inizwa kwenye nguzo na upepo unalichezesha. Akaliondoa, na msururu ukatembea wenyewe. Alitueleza habari za Temple Grandin, mtaalamu wa wanyama wa Marekani anayeishi na usonji tangu utotoni, ambaye alijulikana kwa kuingia mwenyewe kwenye njia za ng'ombe ili aone wanachokiona wao: kivuli, mnyororo unaocheza, mng'ao wa maji. Michoro yake ya njia zilizopinda, zenye kuta zisizopenyeza macho, imetumika kwenye machinjio mengi makubwa ya huko.

Mchana tulikula ugali na maziwa mgando. Fimbo tuliiacha pale pale ukutani. Hakuna aliyeikumbuka hadi tuko ndani ya hiace.

JUMANNE, KIJIJINI UPANDE WA KWIMBA

"Mwangaluka," nikasalimia. Mzee mwenye zizi akaitikia, akaagiza viti, akatutazama viatu. Ng'ombe walikuwa bado hawajatolewa, maana wakila majani yenye umande wa asubuhi humeza minyoo mingi, na yeye hawatoi hadi majani yakauke.

Ng'ombe wake ni wa asili, wale wadogo wenye nundu, rangi zote. Kwa maziwa si kitu: ukimwachia ndama sehemu yake, unabaki na lita moja, mbili ukibahatika. Lakini wanatembea kilomita nyingi kutafuta maji, wanastahimili kupe na kiangazi, na maksai wake wanne ndio waliolima shamba lote la pamba. Aliwafundisha mwenyewe. Anamfunga maksai kijana kwenye nira pamoja na maksai mzee, wanavuta gogo kwanza, plau baadaye. Mzee anajua njia, kijana anafuata.

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo wasomi wote huuliza: kwa nini asiuze nusu akabaki na wachache wanene?

"Mjukuu, ukiwa na mmoja mnene akafa, unabaki na nini?"

Nimewasikia maofisa wengi wakisema Msukuma anafuga idadi kwa sifa. Sifa zipo, sikatai. Lakini hesabu ya mzee nayo ni hesabu: mahari, ada za shule, mwaka wa njaa, na ugonjwa unaopita ukachukua theluthi ya zizi. Kinachomshinda sasa ni malisho. Alitupeleka kuona ngitili yake, kipande alichokifunga tangu mvua zilipoanza, majani yamesimama hadi kiunoni na kugeuka rangi ya dhahabu. Wanaingia humo maksai, wagonjwa na wenye ndama tu. Utaratibu huu ni wa zamani Usukumani. Ulikaribia kupotea, kisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ukawarudishia watu moyo wa kuufuata. Cha mzee ni kipande kidogo mno kwa zizi lake, na jirani ameshaanza kulima mpakani.

Tulishinda tukijifunza mambo ya mkono. Meno: ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo unatazama ya chini. Mawili makubwa yakiota, yupo kwenye miaka miwili hivi. Yakitimia manane, amefikia kama minne. Matezi: unapapasa chini ya sikio na mbele ya bega. Yakiwa yamevimba na mwili una homa, fikiria ndigana kali, ile inayoletwa na kupe wa masikioni na kumaliza ndama. Chanjo yake ni ya ajabu kidogo: mnyama anachomwa vimelea vilivyo hai pamoja na antibayotiki ya kufanya kazi muda mrefu, anaumwa kidogo, anapona, na kinga inakaa naye. Mzee amechanja ndama wachache kwa sababu ya gharama. Kwa wengine anategemea josho la kijiji, ambalo likikosa dawa hugeuka bwawa la vyura.

Baadhi ya ng'ombe walikuwa na hereni za utambuzi masikioni. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ni ya 2010, lakini vijijini wengi wameanza kuziona hereni hivi karibuni tu. Mzee hazichukii. Anasema mwizi anaweza kung'oa hereni, lakini hawezi kuliziba tundu.

JUMATANO, MNADANI

Tulifika jua likiwa limeshapanda. Kando ya barabara malori, katikati vumbi, pembeni mama lishe na supu. Siku hizi ng'ombe wa Sengerema na Geita wanafika mapema kuliko zamani, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo lori lilikuwa likisubiri kivuko, na mifugo imesimama humo juani, bila tone la maji.

Hapa ng'ombe hauzwi kwa kilo; anauzwa kwa macho. Dalali anampapasa mgongo, anamkanda shina la mkia, anasema namba, muuzaji anaguna. Mpwa wangu alikuwa amebeba utepe wa fundi cherehani. Unazungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, unapata mzingo. Unapima na urefu wa mwili, toka bega hadi mfupa wa nyonga wa nyuma. Mzingo kwa sentimita unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha kwa urefu, unagawanya kwa 10,840. Dume alilopima lilikuwa na mzingo wa 150 na urefu wa 120, hiyo ni karibu kilo 249. Dalali mmoja mzee alikuwa amekadiria 240 bila kugusa chochote. Walicheka sana, na kijana akacheka nao. Mimi nilimwambia asikunje utepe. Yule dalali ana miaka mingi mnadani, na anayemuuzia ana ng'ombe wawili tu maishani mwake. Kati ya hao wawili, mwenye kuhitaji utepe ni muuzaji.

Kilichoniudhi kilikuwa upakiaji. Hakuna ngazi ya kupakilia. Lori linarudi nyuma hadi kwenye kichuguu cha udongo na kati yake kuna pengo. Ng'ombe akiona pengo anasimama, ndivyo alivyoumbwa. Basi zinaanza fimbo, mkia unasokotwa, mmoja alianguka mguu mmoja ndani ya pengo. Wenye pembe ndefu wamechanganywa na wasio nazo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini pale nyuma ya lori haina shahidi. Mbao tatu na changarawe kidogo zingetosha. Kijana alimwambia mpakiaji kuhusu bega, kuhusu kusimama nyuma ya bega. Yule akamjibu kwa upole kabisa:

"Mdogo wangu, mimi nalipwa kwa lori, silipwi kwa ng'ombe."

Wengine wataishia Mwanza mjini, wengine wanakwenda mbali, hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Njia nzima wanapungua uzito, na uzito huo hakuna anayeulipia.

ALHAMISI, MACHINJIONI

Tuliamka saa nane usiku. Sitataja machinjio gani, maana walitupokea vizuri.

Mkaguzi wa nyama alituonyesha ubavu uliovilia damu, doa jeusi la ukubwa wa kiganja. "Hii ni fimbo," akasema, akalikata akalitupa. La pili kwenye paja. La tatu. Kwenye mzoga wa nne nyama yote ilikuwa nyeusi kuliko kawaida, kavu, inanata. Huyo hakupigwa sana, alihangaika. Mnyama aliyechoka na kuogopa kabla ya kuchinjwa humaliza sukari iliyo ndani ya misuli, na bila sukari hiyo nyama haipati uchachu unaoifanya iwe nyekundu na laini, tena huharibika upesi. Dawa yake ni ya bure: wafike siku moja kabla, wanywe maji, walale. Lakini zizi la kupumzishia lilikuwa dogo, na lori lilikuwa limechelewa.

Kijana hakusema neno muda mrefu. Nadhani alikuwa akiunganisha lile pengo la jana na lile doa.

Ukaguzi wenyewe ni wa kisu na macho. Anachana misuli ya taya na moyo kutafuta viluwiluwi vya tegu, anafungua ini kutafuta minyoo, anakata matezi ya mapafu kutazama kifua kikuu. Ini moja lilikwenda shimoni. Kisha muhuri, na pikipiki zenye masanduku zikaanza kupanga foleni. Nje, wauza supu walikuwa wanagombania utumbo, taulo kwa huyu, kitabu kwa yule, ile sehemu yenye kurasa kama daftari.

Ngozi ndiyo ilinisikitisha. Chapa ya moto kubwa imepigwa ubavuni, mahali penye ngozi nzuri kuliko zote, badala ya mguuni. Mikwaruzo ya miba na fimbo, halafu mchunaji akaongeza matundu mawili ya kisu. Ilipakwa chumvi, ikakunjwa. Mnunuzi hata hakuinyoosha yote. Aliona pembe moja akaitupia kwenye rundo la daraja la chini.

IJUMAA, MWALONI, KIRUMBA

Hapa, kwenye soko la samaki na dagaa la Mwanza, ndipo ninapojua kitu, kwa hiyo mtanivumilia.

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa. Sehemu wanakula watu, sehemu inakuwa kuku. Ukiondoa dagaa kwenye chakula cha kuku wa Mwanza, itabidi utafute protini kwenye soya na mashudu ya alizeti, na mfuko utatoboka. Shida ni mchanga. Dagaa walioanikwa chini ufukweni wanabeba mchanga, na mchanga una uzito mzuri sana kwenye mizani ya muuzaji. Nilimfundisha kijana kipimo changu: chukua konzi, weka kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Kilichozama chini ndicho ulichodhulumiwa. Walioanikwa kwenye chanja bei yao iko juu, lakini ukipiga hesabu ya protini kwa shilingi, wa chanja ndio rahisi.

Akauliza kwa nini nisitumie mashudu ya pamba, ambayo Kanda ya Ziwa yamejaa na bei yake ndogo. Kwa ng'ombe ni chakula kizuri. Wanenepeshaji wa huku wanayategemea pamoja na makapi yake. Tumbo la kwanza la ng'ombe lina vijidudu vinavyoipunguza makali gosipoli, sumu iliyomo kwenye mbegu ya pamba. Kuku na nguruwe hawana tumbo hilo. Nguruwe anaweza kufa, na kuku wa mayai akila mengi kiini cha yai kinageuka rangi ya kijani kibichi kilichofifia. Mteja akivunja yai la hivyo, harudi.

Tulipita kwa mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa anachanja kideri: tone moja jichoni, kuku anapepesa, basi. Anarudia kila miezi mitatu. Zamani kideri kilikuwa kikimfagilia banda kila kiangazi. Anawakamata jioni, gizani, wakiwa wamelala, anawashika mabawa yote mawili yakiwa yamebanwa mwilini. Hakuna kukimbizana. Mpwa wangu alinitazama. Ni somo lile lile la Mabuki.

Sangara tuliwaona wakishushwa kwenda viwanda vya minofu. Walio chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi, waachwe wakue. Mabondo yao, yale mapulizo ya tumboni, yana wanunuzi wa peke yao wanaopeleka China, na kilo yake inaizidi mbali kilo ya mnofu.

JUMAMOSI, NJIANI

Meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, mwendo wa saa tatu na ushee. Daladala hadi Bugolora, kivuko hadi Bwisya, Ukara. Kwenye kivuko watu hupunguza maneno. MV Nyerere ilizama maji haya haya Septemba 2018. Tulilala mapema.

JUMAPILI, UKARA

Nilikuwa nimemwahidi kijana kwamba mwisho nitamwonyesha chuo kisicho na kibao. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi na mawe mengi, na hakuna nafasi ya kupeleka ng'ombe machungani. Miaka mingi kabla ya miradi ya ng'ombe wa maziwa kufika kwetu na kuhubiri ufugaji wa ndani, Wakara walikuwa wanafuga ndani. Maofisa wa kilimo wa enzi za Mwingereza walikuja, wakashangaa, wakaandika.

Mwenyeji wetu, bibi mmoja, alitupokea baada ya misa. Zizi lake ni shimo: sakafu imechimbwa kwenda chini, ng'ombe wawili wamo, wanatupiwa majani. Wanakula, wanakanyaga, wananya, na tabaka linapanda kidogo kidogo. Likijaa linazolewa, linabebwa kwa vikapu hadi shambani, na kazi inaanza upya. Mbolea haioshwi na mvua wala haikaushwi na jua kama ile inayolala wazi zizini kwetu bara.

"Bibi, majani unatoa wapi?"

"Napanda, mjukuu wangu. Ungedhani yanaota yenyewe?"

Akatupeleka ufukweni. Karibu na maji kuna vishamba vilivyochimbwa vya majani ya ng'ombe, vinakunywa unyevu wa ziwa hata kiangazi. Kila kipande kina mwenyewe, na mipaka inajulikana kuliko ya viwanja vya mjini. Shambani, katikati ya uwele, wazee walikuwa wakipanda mmea wa jamii ya kunde, marejea, wanaulima ndani ya udongo uwe mbolea. Baadhi ya majirani wa bibi wameacha, wanasema kazi ni nyingi na vijana wameenda kuvua. Yeye anaendelea, mgongo ukiruhusu.

Ng'ombe wake walikuwa watulivu mno. Mpwa wangu alishuka shimoni na kumpapasa mmoja matezi, meno, mkia, bila kamba. Wanamjua binadamu kama mleta majani, basi. Umbali ule tuliofundishwa Mabuki hapa haukuwepo kabisa.

Nilifikiria ngitili ya mzee wa Kwimba. Yeye anafunga ardhi ili majani yasubiri, huyu anayapanda. Wote wawili wanahesabu chakula kabla ya kuhesabu ng'ombe. Mjini huwa nakutana na wastaafu wamenunua ng'ombe wa kisasa kwa kiinua mgongo, halafu wiki ya pili ndiyo wananiuliza majani yanauzwa wapi.

JUMATATU, NANSIO

Tukisubiri meli, kijana alitoa daftari. Baba yake amemwahidi mitamba wawili chotara. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji chakula kikavu kama asilimia mbili na nusu ya uzito wake kwa siku, zaidi ya kilo sita, na majani mabichi yakiwa mengi ni maji, hiyo ni kilo 25 au 30 za kukata. Kwa wawili, weka 60. Kila siku, pamoja na sikukuu. Eka moja ya matete yenye mbolea ya kutosha inalisha mmoja au wawili kutegemea mvua, na matete yanataka kama miezi mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Akarudia hesabu kuanzia juu, ikatoka ile ile. Akampigia baba yake simu pale pale gatini.

"Baba, shikamoo. Wale mitamba wasije mwezi huu. Waje mwakani, mwezi wa pili."

Sikusikia jibu, ila lilikuwa refu.

Sokoni Nansio tulikuta mama anauza pingili za matete, tukanunua kiroba kimoja. Karani wa mizigo alikifungua, akachungulia, akauliza kama ni miwa, maana miwa ina bei yake ya nauli. Kijana akamwambia ni miwa ya ng'ombe. Karani akafikiri kidogo, akaandika "miwa", akatutoza vile vile.